Jalada Nililoloweka

Kabla sijasema nilichokifanya, niseme jinsi nilivyovipenda vitabu vya kale, maana ni mapenzi hayohayo yaliyoniponza. Sikupenda yaliyoandikwa ndani peke yake. Nilipenda ngozi. Nilipenda mgongo wa kitabu ulioshonwa kwa mkono, uzi wake umekuwa rangi ya chai, na doa la vidole ambalo mtu fulani aliliacha kwenye pembe ya ukurasa kwa kufungulia palepale miaka nenda miaka rudi. Katika chumba changu cha kupanga huko Madale, kitanda nilikisukuma mpaka dirishani ili rafu zipate ukuta. Vumbi la malori ya kokoto lilipanda kilima likaingia ndani, na kila asubuhi nilivifuta vitabu kwa brashi ya kunyolea kabla sijanawa uso wangu mwenyewe.

Nilivipata popote. Sokoni Mabibo nilimkuta mama muuza karanga akichana kitabu cha zamani cha nyimbo za kanisa, anasokota kurasa kuwa vikoni vya kufungia. Nilinunua mabaki ya kitabu, kisha nikanunua karanga zote alizokwisha kuzifunga, ili nipate na kurasa zake. Wiki nzima nilikula karanga, nikipanga nyimbo kwa namba.

Si mbali na soko, jirani na hosteli za wanafunzi, kuna fundi anayejalidi tasnifu. Kazi yake ni ya haraka: jalada gumu jeusi, herufi za dhahabu mgongoni, njoo saa kumi uchukue. Mimi nilimletea kazi zisizolipa, naye alinipokea kwa kejeli.

"Msomi! Leo umeleta marehemu gani?"

"Huyu bado anapumua, braza."

"Anapumua wapi? Mlaze hapo, tumtafutie shekhe na mchungaji, tusijue dini yake."

Lakini ndiye aliyenifundisha kushona kurasa, kupika gundi ya unga wa ngano, na kuipunguza ngozi kwa kisu mpaka iwe laini kama sikio. Ndiye pia aliyenionyesha kwamba ubao wa jalada la kale mara nyingi si ubao. Ni karatasi kuukuu zilizobandikwa moja juu ya nyingine mpaka zikawa ngumu. Mafundi wa zamani hawakutupa karatasi. Waliifanya mifupa ya kitabu kingine.

Jalada la kile kitabu cha nyimbo nilililoweka kwenye beseni. Nilisubiri nusu saa, nikafungua tabaka kwa tabaka, na humo ndani nikapata vipande vya gazeti la Kijerumani, kila herufi imesimama kama ilivyopigwa chapa siku ile. Nilipiga picha, nikaandika habari yake mtandaoni, watu wakanisifu. Baadaye waandishi wenzangu waliniita kwenye kikao chetu kidogo cha Kinondoni nieleze nilivyofanya. Nilieleza kwa madaha. Nilisema, nakumbuka vizuri, kwamba maji ni rafiki wa kitabu kwa anayejua kuyatumia.

Kikao kilipokwisha, mama mmoja wa makamo alinifuata. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amekuja kwa ajili ya mashairi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hizo karatasi za ndani ya jalada, unaweza kuzitoa hata kwenye kitabu cha kuandikwa kwa mkono?"

"Naweza."

Sikufikiri. Nilijibu kama mtu anayeulizwa kama anajua kuogelea, naye amewahi kuoga tu.

"Basi njoo Temeke umwone mama yangu."

Mama yake nilimkuta ameketi kitandani, miguu imevimba, ameilaza juu ya mto. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Ndiye huyu?" alimwuliza binti yake. "Mbona mwembamba hivi? Vitabu havina mchuzi?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe?"

"Nimezaliwa hapahapa mjini, bibi, lakini wazazi wametoka bara."

"Mkristo?"

"Ndiyo, bibi."

"Si neno. Kanawe mikono."

Niliporudi, kitabu kilikuwa mapajani mwake, kimefunuliwa kutoka kwenye kanga mbili. Nimekwisha kuona majalada mengi tangu hapo, katika picha na katika vioo vya makumbusho, lakini lile lilinikata pumzi. Ngozi ya mbuzi, nyekundu iliyozeeka mpaka kuwa rangi ya ini. Katikati limegandamizwa pambo lenye umbo la lozi, na ndani ya lozi majani yaliyosukana. Upande wa nyuma ngozi ilizidi, ikakunjwa kuja mbele kama mfuniko wa bahasha, kitabu kikalala ndani yake kama mtoto ndani ya mbeleko. Ndani zilikuwa dua na maulidi, kwa herufi za Kiarabu, mkono wa mtu mtulivu.

"Baba yangu ndiye aliyekiandika, akakishona, akakivika," alisema bibi. Kisha akaligonga jalada kwa ukucha. "Na humu ndani yumo mama yangu."

Hadithi yenyewe alipewa na shangazi yake. Mama yake alikuwa akifundisha watoto chuoni, kwenye chuo cha Kurani, anajua kusoma na kuandika kuliko wanaume wengi wa mtaa. Alipojifungua, katika zile siku arobaini za kukaa ndani, aliomba karatasi. Kila siku aliandika beti kumwandikia mtoto aliyemlaza ubavuni. Mtoto huyo ndiye bibi. Kabla mtoto hajaanza kutambaa, mama alifariki. Baba alioa tena, na mke mpya hakutaka kuona maandishi ya marehemu ndani ya nyumba. Baba hakuweza kuyachoma. Aliyabandika, akayafanya jalada la kitabu chake cha dua, akawa anakishika kila alfajiri, na mke wake hakujua kilicho chini ya ngozi.

"Labda ni mapenzi," alisema mwalimu.

"Labda alikosa karatasi," alisema bibi. "Baba yangu alikuwa bahili."

Ubeti mmoja tu ulikuwa umebaki nje ya jalada, kwa sababu shangazi aliuhifadhi. Bibi alinisomea akiwa amefumba macho:

Mgeni umeingia
kwa mlango wa dunia
kaa nipate kwambia
nyumba hii ina nani.

"Basi," alisema. "Hapo ndipo shangazi alipoishia. Nimekaa na swali hilo tangu sina meno mpaka sasa sina meno tena. Nyumba ile ilikuwa na nani? Alimpenda nani, alimwogopa nani? Mama yangu simjui hata sura, picha hakuna. Nataka kumsikia akisema, japo mara moja."

"Kwa nini hamkulifungua siku zote hizi?"

"Nani angelifungua? Baba akiwa hai ungethubutu? Na alipokufa nikasema, kesho. Kesho ikaolewa, ikazaa, ikapata wajukuu." Aliitazama miguu yake. "Hii nayo imeshaanza kuniaga. Utanirudishia mama yangu mzima?"

"Nitakurudishia, bibi."

Niseme ukweli wote. Wakati naahidi, jicho langu lilikuwa kwenye ngozi. Nilikuwa nawaza kwamba nikishazitoa karatasi, nitalivika jalada ubao mpya, na huenda familia, kwa shukrani, ikaniachia nikae na kitabu kwa muda rafuni.

Nilikipeleka kwanza kwa fundi wa Mabibo. Siku hiyo hakutania. Alikishika kwa ncha za vidole, akakinusa, akakirudisha.

"Hii mie siigusi."

"Unaogopa nini? Kubandua tu."

"Umewauliza wenyewe walikuwa wanaandikia nini?"

"Wino ni wino, braza."

"Haya, bwana msomi. Ila ningekuwa wewe ningeuliza. Watu wana mambo yao."

Nilimwona mshamba. Nilidhani anaogopa majini na mashetani. Niliondoka nikicheka, na kicheko hicho nakisikia mpaka leo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua safi. Nililiweka beseni jeupe uani, nikachota maji ya tangi, nikayachuja kwa kitambaa. Ngozi niliibandua kwa kisu kikavu, taratibu, saa mbili nzima, ikatoka bila kuchanika. Nilijipongeza. Chini yake palikuwa na kibao cha karatasi, kigumu, cha rangi ya mkate, na pembeni, pale gundi ilipoachia, niliona mkia wa herufi nyeusi. Nikakiteremsha kibao majini kwa mikono miwili, kama nilivyoona wachungaji wakibatiza.

Dakika za kwanza hazikuwa na tatizo. Gundi ililegea, tabaka la juu likajiinua lenyewe, na maandishi yakatokea. Sijawahi kuona wino mweusi namna ile. Maji yaliung'arisha, mistari ilisimama, imejaa ukurasa mpaka pembeni, beti kwa beti, mkono wa mwanamke aliyekuwa na haraka. Kilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi herufi zile najifunza, nasoma moja moja kama mtoto wa chuoni, kidole kwenye kila nukta. Niliinama. Nilipata neno moja katikati ya mstari, kwa sababu ya nukta zake: chumvi.

Kisha neno likafuka moshi.

Hivyo ndivyo nilivyoona: kama sigara imewashwa chini ya maji. Kutoka kila herufi ukatoka uzi mwembamba mweusi, ukapanda, ukatawanyika. Nilidhani ni uchafu. Nikalitikisa beseni, Mungu anisamehe, ili uchafu utoke. Mistari yote ikaachia kwa pamoja. Nikatumbukiza mikono kuzinyanyua karatasi, zikawa laini kama utando wa uji, zikaachana, zote saba, na kila niliyoigusa iliniachia herufi vidoleni. Nilishika simu nipige picha; vidole vilikuwa vimelowa, simu haikunisikia. Nilifuta vidole kwenye shati. Nilipopata picha ya kwanza, ukurasa ulikuwa kivuli. Ya pili ni picha ya beseni tu, na ndani yake maji meusi kama kahawa ya mtaani, na humo naiona sura yangu.

Nilizianika karatasi juu ya kanga kivulini. Zilikauka nyeupe, zenye ukungu kidogo. Nilizielekeza kwenye jua, nikazitazama kwa kioo cha kukuzia, nikazitazama kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Hapakuwa na kitu. Beseni lilikuwa bado limekaa pale na maji yake. Kwa hasira na aibu nilikokota miguu mpaka kwenye mfereji wa bafu, nikayamwaga, nikalisugua beseni kwa sabuni ya unga.

Jumatatu mwalimu alipiga simu. "Mama anauliza, umefika wapi?"

"Bado zinakauka, mwalimu."

Alhamisi alipiga tena. "Hajalala vizuri. Anasema hata ubeti mmoja tu umsomee kwenye simu."

"Bado, mwalimu. Karatasi za kale hazitaki haraka."

Nyuma yake nilimsikia bibi akisema, "Mwambie hata mimi ni wa kale, na haraka ninayo."

Jumapili nilikwenda Temeke na karatasi saba ndani ya bahasha, na kitabu ndani ya kanga zake. Njiani nilitunga namna kumi za kulisema jambo lile. Mimi si mtunzi? Nilipofika mlangoni zote zilinitoka. Bibi alikuwa amevaa nguo ya sikukuu. Mwalimu alikuwa ameleta jirani mzee anayesoma vizuri herufi za Kiarabu, amekaa kitako na miwani tayari.

Nilimpa bibi bahasha. Alizitoa, akazipapasa moja moja. Akampa jirani. Jirani akazigeuza, akazigeuza tena, akavua miwani.

"Hazina kitu hizi," alisema polepole.

"Niliziloweka," nilisema. "Bibi, niliziloweka kwenye maji ili ziachane, na wino ukatoka. Wote. Nisamehe."

Mwalimu alikaa chini pale aliposimama. "Umeloweka wino wa masizi?"

"Sikujua ni wa masizi."

"Hukuuliza!"

"Sikuuliza."

"Mtoto yeyote wa mtaa huu angekuambia," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya darasani, ila imevunjika. "Ni masizi ya taa na gundi ya mti. Unapikwa ili uoshwe. Ndio uliokuwa wa kuandikia ubaoni chuoni, mtoto akishahifadhi anaosha, anaandika tena. Ndio wa kuandikia kombe. Wino unaotoka kwa maji ndio wino wenyewe!"

"Kombe?" niliuliza kwa ujinga.

Jirani alinihurumia, akanieleza kwa utaratibu: mgonjwa huandikiwa maneno ya Mungu ndani ya sahani, yakaoshwa kwa maji safi, mgonjwa akanywa. Maneno yakaingia mwilini.

Karatasi moja bibi alikuwa ameishika mkononi, anapitisha kidole gumba juu yake, kulia kwenda kushoto.

"Maji ulifanyaje?" aliuliza.

"Maji gani, bibi?"

"Maji uliyomlowekea. Yako wapi?"

Nilielewa hapo.

"Niliyamwaga."

"Wapi?"

Nilitaka kusema uani. Nilitaka kusema penye maua. Uongo nilikuwa nimeshausema mara mbili kwa simu na ulikuwa unajua njia. Lakini alikuwa ananitazama.

"Kwenye mfereji wa bafu."

Jirani alisema, "Astaghafirullah," kwa sauti ndogo, akainama. Mwalimu alijifunika uso kwa mtandio.

"Ungeniletea," alisema bibi. Hakupandisha sauti. "Ungenipigia simu ukasema, bibi, nimeharibu, mama yako yumo kwenye beseni. Ungeyatia kwenye dumu, kwenye chupa ya soda, kwenye chochote. Ningeyanywa. Nisingejua alisema nini, lakini ningekuwa naye humu." Akajishika kifuani. "Hata hilo, mjukuu wangu? Hata hilo?"

Sina la kuongeza hapo. Nimejaribu mara nyingi kuiandika dakika ile vizuri zaidi, na kila nikiipamba naona aibu.

Badala ya kunyamaza, nikafanya kosa lingine. Nikasema, "Bibi, mimi ni mwandishi. Ule ubeti mmoja upo. Naweza kukaa, nikajaribu kutunga beti zilizobaki, kwa namna ambayo yeye..."

"Koma."

"Samahani, bibi."

"Mama yangu si riwaya."

Alitaka karatasi zizikwe siku ileile. Ziliandikwa jina la Mungu juu, alisema, kila ukurasa huanza hivyo, na kilichobeba jina hilo hakitupwi jalalani hata kikiwa kimenyamaza. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na tangi la maji, palikuwa na pembe ambayo haikanyagwi. Nilichimba mimi, kwa jembe la jirani. Ardhi ya pale ni mchanga. Shimo lilikuwa linajifukia lenyewe, nikachimba tena. Bibi alitolewa nje na kiti chake. Alizifunga karatasi kwenye kitambaa cheupe, akazishika kidogo mapajani.

"Zilikuwa ngapi?"

"Saba, bibi."

"Zote zilijaa? Au aliandika kidogo akaacha?"

"Zote zilijaa. Mpaka pembeni. Palipokosa nafasi aliigeuza karatasi, akaandika wima pembeni."

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayehesabu watu waliofika msibani. "Na wewe ulimwona. Hukusoma hata neno?"

"Moja, bibi. Chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Sijui, bibi. Kabla sijafika neno la pili, lilikwisha ondoka."

Alimtazama mwalimu. Mwalimu hakujua. Akamtazama jirani. Jirani alisema labda ni mithali, labda ni upishi, wanawake waliojifungua, siku za arobaini, hukatazwa vitu vingi. Bibi alilirudia neno mara mbili tatu kwa ulimi, analionja. Kisha akanipa kile kitambaa, nikakishusha, nikafukia.

Kitabu hakutaka kukiona tena. Alikifunga kwenye kanga zake mbili akanisukumia. "Si ndicho ulichokitaka?" alisema, na wala hakukusudia kuniumiza, alisema kama mtu anayetaja saa. Kiko rafuni kwangu, ngozi yake imelegea haina mifupa, pambo la lozi limejikunja. Wakusanyaji wawili wameniulizia. Sijawajibu. Vitabu vingine nimeviacha vishike vumbi, na brashi sijui iko wapi. Kwa fundi wa Mabibo sijarudi, maana najua atataka kujua, na najua hatacheka.

Mwalimu hunipigia mara moja moja. Hasemi mengi. "Mama anataka kukusalimia," anasema, kisha namsikia bibi akivuta pumzi karibu na simu.

"Umekumbuka neno jingine?"

Hakuna cha kukumbuka. Sikulisoma. Nililiona likiwa zima, jeusi, limesimama mbele ya macho yangu, na sikulijua. Nimeshamweleza hivyo, naye amesikia, na bado anauliza.

"Bado, bibi," nasema.

"Haya. Ukikumbuka, usingoje Jumapili."